Ngorongoro na Mtoto Mdogo: Mama Ajiandae Vipi?

Wakazi wa Arusha, Mto wa Mbu na Karatu wamezoea kuona magari ya watalii yakipita kila asubuhi, yamejaa wageni waliovuka bahari kuja kuitazama Ngorongoro. Wengi wetu tulio jirani tumekua, tumeolewa na kuzaa bila kufika huko. Mwaka 2013, Ngorongoro ilitajwa miongoni mwa Maajabu Saba ya Asili ya Afrika, pamoja na Mlima Kilimanjaro na uhamaji wa nyumbu wa Serengeti. Maajabu matatu kati ya saba yako nchini Tanzania, lakini mtoto wetu huyajua kwa picha ya kalenda ukutani.

Siku hizi mambo yanabadilika. Akina mama wanaweka akiba kidogo kidogo katika vikundi vyao, vyama vya wanawake makanisani vinakodi magari, na familia zinapanga safari wakati wa likizo. Hapo ndipo maswali yanapokuja. Mwenye mtoto wa miaka 3 au 4 huuliza: Je, nimchukue au nimwache kwa bibi yake? Atafaidi nini? Akiugua huko porini nitafanyaje?

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na zaidi ya mara moja nimesafiri na akina mama wa usharika wetu nikiwa mbeba sanduku la dawa. Jibu langu ni kwamba mtoto mdogo anaweza kwenda, na atafurahi, mradi safari ipangwe kwa kipimo chake na si kwa kipimo cha watu wazima. Mama akilishika hilo, mengine yote ni maandalizi tu.

MAHALI PENYEWE PAKOJE?

Wataalamu wa miamba wanasema hapo zamani palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Kati ya miaka milioni 2 na milioni 3 iliyopita mlima ule ulilipuka, kilele chake kikaporomoka kwa ndani, na likabaki shimo kubwa mfano wa bakuli. Ndiyo Kreta ya Ngorongoro. Sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi. Duniani hakuna kreta nyingine ya namna hiyo iliyo kubwa kama hii ambayo imebaki nzima bila kujaa maji. Eneo lote la Hifadhi ya Ngorongoro, ambalo kreta ni sehemu yake ndogo tu, lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani ya bakuli hilo wamo simba, tembo, nyati, nyumbu, pundamilia, fisi, viboko, na kifaru mweusi ambaye majangili walimwinda vibaya sana katika miaka ya 1970 na 1980. Liko Ziwa Magadi lenye maji ya chumvi na ndege wengi wekundu aina ya heroe. Uko msitu wa Lerai wenye migunga mirefu, na iko chemchemi ya Ngoitokitok ambako viboko hujilaza majini mchana kutwa.

Mwanao akikuuliza twiga wako wapi, usifadhaike. Twiga hawaishi ndani ya kreta. Inaaminika kuwa kuta zenye mteremko mkali na uhaba wa miti wanayoipenda ndivyo vinavyowafanya wabaki nje. Mtafutieni njiani.

JE, ATAKUMBUKA?

Hili ndilo swali ambalo waume zetu hupenda kuuliza, na mama wakwe pia. "Huyo mdogo atakumbuka nini? Fedha zinapotea bure!" Ni kweli kwamba watu wazima wengi hawakumbuki matukio ya kabla ya umri wa miaka 3 hivi. Lakini hatumlishi mtoto uji ili aukumbuke. Tunamlisha ili akue.

Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kuona kitu na kusikia jina lake papo hapo kutoka kwa mtu anayempenda. Siku moja mama akiwa amempakata, akimwambia, "Yule ni kiboko, sikia anavyopumua," ni somo ambalo picha ya kitabuni haiwezi kulitoa. Tena mama akiendelea kumsimulia safari hiyo nyumbani, mtoto huijenga kumbukumbu yake kupitia midomo ya wazazi.

Usiku wa kabla ya safari familia inaweza kusoma pamoja Zaburi ya 104. Humo wametajwa simba, punda-mwitu, wibari na ndege, na Mungu akiwapa wote chakula kwa wakati wake. Kesho yake mtoto akimwona simba amelala amevimba tumbo, utakuwa na la kumwambia bila kuhubiri.

MAANDALIZI YA AFYA

Safari ya kutoka Arusha huchukua saa tatu hadi nne kwa gari, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Lodoare. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mto wa Mbu uko chini zaidi, kwenye joto. Kisha barabara hupanda hadi ukingo wa kreta ulio kwenye mita 2,300 hivi, na kutoka hapo mnashuka tena hadi sakafuni, mita 1,800 hivi. Kwa siku moja mwili wa mtoto hupita katika joto, baridi, vumbi na jua kali.

Baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukingoni huwa na ukungu na baridi inayokata. Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, uweze kumvua kadiri jua linavyopanda. Kofia ya sufu, soksi na blanketi dogo visikosekane. Mchana kofia ibadilishwe iwe ya jua yenye ukingo mpana. Mwenye mtoto mwenye ualbino aongeze mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, hata kama kuna mawingu.

Kichefuchefu cha gari. Huwasumbua sana watoto kuanzia miaka 2. Mpe chakula chepesi saa moja kabla ya kuondoka, si chai ya maziwa na maandazi matano. Mketishe mahali anapoweza kuona mbele, na dirisha lifunguliwe kidogo. Usimpe dawa ya kutapika au ya usingizi kwa ushauri wa jirani. Dawa nyingine za aina hiyo ni hatari kwa watoto wadogo, hivyo muulize daktari kwanza.

Masikio. Barabara ya kushuka katika kreta ina mteremko mkali, na masikio yanaweza kuziba. Anyonye, anywe maji kidogo kidogo, au ale kitu cha kutafuna. Kumeza ndiko kunakozibua.

Maji na chakula. Beba maji safi ya kutosha na uzidishe. Anayenyonya aendelee kunyonya kila atakapo. Viazi vya kuchemsha, ndizi, chapati na mayai yanayomenywa wakati wa kula ni chakula kizuri cha safari. Uji au maziwa yaliyokaa vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili yamwagwe, kwa kuwa vijidudu hupenda joto hilo. Weka pakiti mbili za ORS katika mkoba. Ukikosa, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, umpe mtoto anayeharisha kidogo kidogo. Asipokunywa, akilegea au macho yakiingia ndani, usingoje kumaliza matembezi. Geuzeni gari mkatafute hospitali. Kuna hospitali Karatu.

Malaria. Mto wa Mbu haukupewa jina lake bure. Mkilala huko, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na jioni avae mikono mirefu. Watoto wanaokulia sehemu za baridi hawajajenga kinga ya malaria, na walio chini ya miaka 5 ndio wanaodhurika zaidi. Homa inaweza kuja baada ya siku 7 au hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Ikija, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu kwamba mlisafiri.

MTOTO AMBAYE SAFARI HII SI YAKE

Hapa naomba akina mama mnisikilize kwa makini.

Katika usharika wetu yupo mwenzetu mmoja, mwanakwaya, ambaye kijana wake wa miaka 5 ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hugeuka umbo na kuwa kama mundu, hasa hewa ya oksijeni inapopungua, mwili unapokosa maji au unapopigwa na baridi. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Ukingo wa Ngorongoro una baridi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya mjini. Na hakuna njia ya kuingia ndani ya kreta bila kupita ukingoni.

Mama huyu alikuwa ameweka akiba kwa miezi minane. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuwataja wanyama wote atakaowaona. Wiki tatu kabla ya safari akalazwa kwa maumivu. Nilimshauri mama asiamue yeye wala mimi, bali tumwulize daktari anayemhudumia kijana kliniki. Daktari alimsikiliza kwa upole, kisha akasema kwamba kwa sasa asipande ukingoni. Aliongeza kuwa kushuka hadi Mto wa Mbu hakuna tatizo, mradi anywe maji mengi, asichoke sana, alale ndani ya chandarua, na dawa zake zisikose hata siku moja.

Tulipotoka nje mama aliketi kwenye benchi la ujia akalia. "Mama Nesi," aliniambia, "wenzake wakirudi wakamsimulia, nitamwambia nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikaa naye.

Aliyetoa jibu ni mume wake. Safari yetu ilikuwa ya siku mbili: siku ya kwanza Hifadhi ya Ziwa Manyara, ambayo iko pale pale chini karibu na Mto wa Mbu, na siku ya pili kreta. Baba yule alisema, "Siku ya kwanza twende wote. Siku ya pili mimi nitabaki na mwanangu, wewe nenda ukatuonee." Mama alikataa, halafu akakubali.

Manyara ilimpokea kijana vizuri. Ukipita lango tu unaingia msitu mnene unaonyweshwa na maji ya chini ya ardhi, na nyani wamejaa barabarani na watoto wao mgongoni. Tembo walipita karibu na gari, na kijana akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza. Kesho yake tulipokuwa ndani ya kreta, baba na mwana walizunguka sokoni Mto wa Mbu taratibu, wakala ndizi nyekundu zinazosifika pale, wakapumzika kivulini.

Jioni tuliporudi, mama alikuwa ameyaweka moyoni maneno ya kumsimulia mwanawe kuhusu simba na kifaru. Hakupata nafasi. Kijana alimkimbilia akisema kwamba tumbili ameingia dirishani akaiba mkate wa baba, na baba amemfukuza kwa kandambili! Alilirudia simulizi hilo mara nne. Wenzake waliokwenda kreta walimzunguka kumsikiliza, na wengine waliona wivu.

Nimeandika habari hii kwa idhini ya mama huyo, kwa sababu wapo akina mama wanaoficha ugonjwa wa mtoto ili asikose safari. Mwenye mtoto wa selimundu, wa ugonjwa wa moyo, wa pumu isiyotulia au aliyetoka kuugua kifua, apite kliniki kwanza. Daktari akisema hapana, tafuta Manyara yako. Kreta ile imekuwapo miaka mingi kabla yetu na itamngoja mtoto apate nafuu.

NDANI YA KRETA

Sheria zinataka gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo kikundi kinachosafiri kwa Koasta lazima kikodi magari madogo ya kushukia. Ulizeni ada zote mapema, za mtu na za gari, ili msije mkapigwa na butwaa langoni. Chukua cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa kuwa malipo ya watoto hutegemea umri. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, barabara huteleza, hivyo ni vyema kuiepuka mkiwa na watoto.

Hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, kama Ngoitokitok, ambako kuna vyoo. Mtoto mdogo hawezi kungoja. Beba poti yenye mfuniko, karatasi laini, maji ya kunawa na mfuko wa kuwekea nguo chafu. Hili dogo limeokoa safari nyingi.

Magari mengi yana paa linaloinuliwa ili watu wasimame kutazama. Mtoto asisimame peke yake hata dakika moja. Gari likiwa linakwenda aketi na afungwe mkanda. Likisimama, mtu mzima amshike kiunoni. Na pale Ngoitokitok, mle mkiwa ndani ya gari, kwa kuwa mwewe wa hapo wamezoea kushuka ghafla na kunyakua chakula mkononi mwa mtu. Kucha zao huumiza, na mtoto anaweza kukwaruzwa usoni.

Saa tatu au nne ndani ya kreta zinamtosha mtoto wa umri huu. Akilala, mwacheni alale, hata kama mmemwona kifaru. Nimeona mama akimtikisa mtoto wa miaka 3 aamke aone simba, mtoto akaamka akilia, na simba akaondoka. Mtoto mwingine wa miaka 4 alimtazama mdudu mweusi wa mavi ya tembo kwa robo saa nzima, na tembo mwenyewe amesimama pembeni. Mwacheni atazame. Kitu kinacholingana na macho yake ndicho kinachomshangaza, na Muumba wa tembo ndiye aliyemwumba na mdudu yule.

Ukingoni mtaona makaburi ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliochunguza wanyama wa Serengeti. Michael alikufa Januari 1959 ndege yao ndogo ilipoanguka. Ndege hiyo ilikuwa imepakwa milia kama pundamilia. Watoto hupenda kusikia habari ya ndege hiyo. Baba yake alifariki mwaka 1987 akazikwa kando yake. Wazazi hunyamaza kidogo mahali pale.

Njiani mtapita maboma ya Wamaasai. Mfundishe mtoto kwamba pale ni nyumbani kwa watu, naye asiwanyooshee kidole kama anavyowanyooshea wanyama. Usiwatupie watoto pipi kutoka dirishani, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Adabu hii nayo ni sehemu ya mafunzo ya safari.

BABA ASHIRIKI

Mama asiyapakate yote peke yake. Kabla ya kuondoka gawaneni kazi: nani anamshika mtoto gari likisimama, nani anabeba maji, nani anamsimulia. Mama aliyeshinda akifuta matapishi na kufungua vyakula hurudi nyumbani hajauona hata mnyama mmoja, ilhali akiba ilikuwa yake.

Mkirudi, mpe mtoto karatasi na penseli achore alichokiona. Usishangae akichora tairi la gari au poti. Mwulize maswali, msikilize, muombe pamoja mkishukuru kwa kila kiumbe atakachokitaja. Kisha weka kalenda karibu, hesabu wiki nne, na uangalie homa.